SAINI YA NYUMA YA PAZIA

Sehemu ya Tisa

Mmenitukana wiki nzima, najua. Jumamosi iliyopita nilimwacha Swabaha kwenye kiti cha mbao katika ofisi ya mazingira kule Ganjoni, ghorofa ya tatu, huku ofisa aitwaye Janet akiigeuza karatasi taratibu ili mgeni wake aione saini iliyo chini. Nikakata papo hapo, nikaenda zangu kula. Haya, yamekwisha. Karatasi imegeuka.

Saini ilikuwa yake.

Si ya kuigizwa, si ya kubandikwa. Yake Swabaha mwenyewe, na ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho ambao marehemu mumewe alikuwa akimtania kila siku kwamba unavuka mpaka unaingia karatasi ya jirani.

Swabaha aliinama mezani, akaufuata ule mkia kwa kidole.

Wewe uliyechelewa kujiunga nasi, sikiza upesi. Mji wa Kale, nyuma ya hoteli ya Zumaridi, kuna pango, na ndani ya pango hilo wanaishi popo elfu mbili na mia tatu. Hoteli ilipopewa leseni ya kujenga ilitiwa sharti moja zito: kwa miaka kumi, kila mwezi, popo wahesabiwe na ripoti ipelekwe serikalini. Maadamu popo wapo, pango lisiguswe. Ila ripoti tatu mfululizo zikisema hapana popo, sharti limekufa, faili linafungwa, na mwenye hoteli yu huru kuliziba pango ajenge juu yake atakacho. Atakacho ni ukumbi wa harusi.

Mhesabu popo, miaka tisa sasa, ni Swabaha. Mumewe Taib alifariki Disemba, naye akakaa eda miezi minne na siku kumi. Ametoka Ijumaa iliyopita. Leo Jumatano ndiyo amekuja kuuliza nani alimshikia kazi yake, na jibu ndilo hilo lililo mezani.

"Januari, sufuri," Janet alisoma. "Februari, sufuri. Machi, sufuri. Zote zimeletwa kwa wakati na zote umesaini wewe. Faili lilifungwa Jumatatu. Kesho saa mbili asubuhi wana ruhusa ya kuziba."

"Nilikuwa edani mimi! Sikutia mguu nje. Ramadhani ilinikuta ndani, Idi ilinikuta ndani. Muulize yeyote Mji wa Kale!"

"Nakuamini, Mama. Lakini saini ni yako ama si yako?"

Na hapo ndipo Swabaha alipokumbuka pazia.

Ilikuwa wiki ya tano ya eda. Bwana Abdulbasit, meneja wa Zumaridi, alikuja kumpa mkono wa tanzia. Yeye alisimama ukumbini, Swabaha chumbani, pazia katikati. Kando ya Swabaha alikuwa wifi yake Mwanakuu, dada mkubwa wa marehemu.

"Mungu akupe subira, Bi Swabaha," ile sauti laini ilisema. "Nimeleta karatasi za kukuombea udhuru. Ofisi itateua mtu mwingine ahesabu mpaka utakapotoka. Wewe usijisumbue na lolote."

Mkono ukapenya pembeni mwa pazia. Mwanakuu akazipokea karatasi, akazikunja, akamwonesha mwenziwe mstari wa chini peke yake. Tia hapa, wifi. Na hapa. Na hapa. Na hapa.

Miwani ya Swabaha ilikuwa dirishani, mbali. Angeweza kuiendea. Angeweza kuzikunjua zile karatasi akasoma moja moja. Lakini mwanamume si maharimu wake amesimama ukumbini, yasikika hata anavyokohoa, na yeye ni mjane wa wiki tano! Kumsimamisha mtu huyo huku unasoma ni kumkaribisha. Haya ilimshika. Akatia saini mbiombio ili Abdulbasit aende zake.

Na wewe dada msomaji usijitie ujuvi. Ungefanya vivyo hivyo.

"Nilisaini nne," Swabaha alisema ghafla.

Janet alizihesabu za kwenye faili. "Hapa ziko tatu."

"Nilisaini nne. Mimi kazi yangu ni kuhesabu vitu vinavyoruka gizani, siwezi kukosea hesabu ya karatasi."

"Basi ya nne haijafika kwetu."

Janet akaikunja midomo, akaliweka hilo pembeni, maana saa ilikuwa inakwenda.

"Nitakula kiapo," Swabaha alisema. "Leo hii. Nitasema nilisaini bila kusoma na bila kuhesabu. Ripoti zifutwe."

Alisema kwa nguvu, akidhani amepata mlango. Janet akamtazama kwa huruma, na huruma ya ofisa wa serikali, ndugu zangu, ni jambo la kuogopwa.

"Mama, ukiapa hivyo, leseni yako ya utaalamu inafutwa. Na mtaalamu akifutwa, ripoti zake zote zinafutwa. Si hizi tatu. Zote za miaka tisa."

"Zile ni za kweli!"

"Najua. Lakini hata hesabu ya kwanza kabisa, ya kabla hoteli haijajengwa, ni yako. Ikitoka hiyo, faili litasema hivi: pale hapakuwahi kuwa na popo hata mmoja."

Umeona mtego huo? Akinyamaza, popo wamehama. Akisema, popo hawakuwapo tangu awali. Na huko pangoni wenyewe wamejaa tele, wananing'inia na watoto wao vifuani, hawana habari kwamba kuna karatasi.

Swabaha alilia. Alilia mbele ya mtu asiyemjua, ofisini, mchana kweupe, na hakujificha. Miezi minne alikuwa amemlilia mume. Sasa analilia popo na jina lake, hajui ameanza na kipi.

Janet alisukuma mbele yake boksi la tishu. Halafu akautazama mlango wa ofisi ya mkubwa wake, akapunguza sauti.

"Iko njia moja. Hesabu mpya, leo, mbele ya ofisa. Nikiwaona kwa macho yangu, nalifungua faili mimi mwenyewe usiku huu huu. Unahesabia wapi siku zote?"

"Kwa wifi yangu. Juu ya nyumba, mahali pa kuanikia nguo. Mdomo wa pango uko chini yake pale pale."

"Wanatoka saa ngapi?"

"Magharibi. Adhana ikiisha tu."

"Nitakuja." Janet akazishika nywele zake. "Hawaingii kwenye nywele, si ndiyo?"

"Jifunge leso, mwanangu."

*

Saa kumi na mbili na robo jioni, walikuwa mlangoni kwa Mwanakuu.

Mwanakuu ni mama wa miaka sitini na kitu, mnene, mcheshi, mtu wa kukukaribisha hata kama amekasirika nawe. Lakini jioni hiyo aliposikia neno ofisa, mikono ilimpotea. Alimpa Janet kiti, akakiondoa, akampa kingine.

"Wifi," Swabaha alimvuta pembeni. "Zile karatasi ulizonipa edani. Ulijua ni za nini?"

"Karatasi zipi tena?"

"Mwanakuu!"

"Mimi nina nini na Kizungu, wifi? Nilipewa, nikakupa." Na macho yake yakakimbilia uani.

Swabaha aliyaona yale macho. Hakuwa na wakati wa kuyafuata. Walipanda ngazi, Janet mbele kashika viatu mkononi na fomu kwapani, Swabaha nyuma akijivisha kidoleni kile kihesabio kidogo ambacho watu hununua Ramadhani kuhesabia tasbihi. Popo mmoja, bonyezo moja. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote tisa.

Juu kule kulikuwa na viti viwili vya plastiki. Kimoja cha Swabaha. Kingine kilikuwa cha Taib, aliyekuwa akimletea kahawa na kuhesabu pamoja naye kwa kujifurahisha. Taib kila mwezi alipata pungufu. Mia tatu, mia nne pungufu, na kila mwezi alishikilia kwamba mkewe ndiye anayeongeza. Janet alikikalia kiti hicho bila kujua, na Swabaha hakumwambia.

Muadhini aliadhini. Wakangoja.

Chini, mdomo wa pango ulikuwa mweusi, mpana kama mlango wa ghala. Upepo ulitulia. Kukatokea mmoja.

"Yule!" Janet alishtuka, akashika leso yake. "Nimemwona! Mmoja!"

"Mmoja," Swabaha alibonyeza. "Huyo ni mtangulizi. Sasa tazama, wanafuata wote."

Kisha dunia ikawa nyeupe.

Taa nne. Taa kubwa za uwanja wa mpira, zimefungwa juu ya ukuta wa hoteli, zimeelekezwa zote kwenye mdomo wa pango. Ziliwaka kwa pamoja na Janet akaziba macho. Yule popo mmoja alipinda angani, akarudi ndani.

Hakutoka tena, wala hakutoka mwingine.

Robo saa. Nusu saa. Kidole cha Swabaha kilikaa juu ya kihesabio bila kubonyeza. Kutoka pangoni zilianza kuja sauti, nyembamba, nyingi, kama bawaba za milango mia zisizotiwa mafuta. Walikuwa na njaa. Walikuwa wanakuja hadi ukingoni mwa mwanga na kurudi.

"Wasikia?" Swabaha alisema. "Wamo! Popo hatoki kwenye mwanga kama huu. Ni marufuku kumulika mlango wa pango, imo kwenye leseni, sharti lile lile! Waambie wazime!"

Janet alipiga simu hotelini palepale, akajitambulisha, akadai taa zizimwe. Alisikiliza. Uso ukamshuka.

"Wanasema faili limefungwa. Likifungwa faili, na marufuku ya taa imefungwa nalo." Alishusha simu. "Wako sawa, Mama. Kisheria wako sawa. Ningewazuia kama popo wangekuwepo."

"Si wapo!"

"Kama wangeonekana."

Lo! Mimi nikisimulia hapa nataka kutupa kalamu. Ili taa zizimwe lazima popo waonekane, na ili popo waonekane lazima taa zizimwe. Hebu amua wewe.

"Andika umeona mmoja," Swabaha aliomba.

"Mmoja hafungui faili. Kanuni inasema kumi." Janet alikuwa karibu kulia naye. "Wangetoka kumi tu! Hakuna tundu lingine? Hawana njia nyingine ya kutokea?"

Swabaha alisimama ghafla hata kiti kikaanguka.

"Kisima!"

*

Uani kwa Mwanakuu kuna kisima cha kale, kikavu tangu enzi za babu. Chini yake ndilo lile lile pango. Kila mtu wa nyumba hiyo alikua akikemewa asikisogelee. Miaka yote kilifunikwa bati, na kwenye ufa wa bati popo walikuwa wakipenya joto likizidi. Mwanakuu alikuwa akiwatukana kwa kumchafulia kanga zake kambani.

Ukiondoa bati, watatoka. Hapana taa uani. Si kumi, watatoka mia kwa dakika!

Swabaha alizishuka zile ngazi ngazi mbili mbili, mwanamke wa miaka arobaini na sita, buibui kalishika mkononi. Janet nyuma yake, hajavaa viatu.

"Wifi, nisaidie bati!"

Mwanakuu alikuwa amesimama katikati ya ua. Hakusogea.

"Bati liko wapi, Mwanakuu?"

Hapakuwa na bati. Hapakuwa na mdomo wa kisima. Ua wote ulikuwa umesakafiwa upya kwa vigae vya rangi ya maziwa, safi, vinang'aa, na pale palipokuwa kisima palikuwa na duara la saruji limeinuka kidogo, na juu yake chungu cha mrehani.

Swabaha alipiga magoti. Akakisukuma kile chungu. Akapiga saruji kwa kiganja, mara moja, mara mbili. Ilikuwa nzito kama kaburi.

"Nani amefanya hivi?"

"Mafundi wa hoteli," Mwanakuu alisema kwa sauti ya mtoto.

"Lini?"

"Januari. Bwana Abdulbasit aliniona nasumbuka na ule ua, mvua ikinyesha ni matope matupu. Akasema jirani ni jirani, atanitengenezea."

"Januari lini?"

Mwanakuu alivuta kanga yake hadi puani, macho kwenye vigae. Swabaha alimtazama wifi huyu aliyemkanda mgongo kwa mafuta siku alipofiwa, aliyempikia uji miezi minne, aliyelala naye chumba kimoja ili asiogope.

"Alikwambia uzikunje zile karatasi."

"Alinambia nikuoneshe pa kusaini tu, nisikuchoshe. Nikaona ni huruma. Wallahi wifi, nikaona ni huruma!" Na sasa Mwanakuu alikuwa analia kwa kelele, amejishika kichwa. "Kisha wakaja mafundi asubuhi yake. Nikahisi jambo. Nikajiambia ni popo tu. Nani afa kwa popo? Ningejua yatakufika wewe?"

Sasa Swabaha amkasirikie nani? Angemzaba kofi na angestahili. Lakini hasira ilikataa kuja. Alichofanya ni kulaza sikio lake kwenye lile duara la saruji, hapo chini kwenye vigae vipya, mbele ya wote wawili.

Aliwasikia. Walikuwa wamepanda hadi chini ya mfuniko. Walikuwa wanakwaruza.

Janet naye alipiga magoti, akalaza sikio upande wa pili. Wanawake wawili, Mswahili na Mkamba, nyuso zimeelekeana juu ya saruji.

"Nawasikia," Janet alinong'ona.

"Basi andika."

Janet aliikunjua fomu gotini, akaimulika kwa simu. Akaipitia kutoka juu hadi chini, halafu tena. Swabaha aliivaa miwani yake na kusoma pamoja naye, na akaona anachokiona mwenzake. Palikuwa na nafasi ya tarehe. Palikuwa na nafasi ya hali ya hewa. Palikuwa na kisanduku kimoja kimeandikwa idadi iliyoonekana. Hapakuwa na mahali pa kuandika sauti.

Janet akaandika: moja.

"Mwanangu..."

"Nikiandika zaidi nitakuwa nimefanya kile kile walichofanya wao." Alifuta uso kwa leso. Kisha akaigeuza fomu ubavu, na pembeni, kwenye ukingo mweupe, kwa herufi ndogo ndogo, akaandika mstari: sauti za popo wengi zimesikika chini ya kisima kilichozibwa, mtaalamu atoe maelezo. "Sijui kama mkubwa wangu husoma pembeni. Lakini akisoma, atakuita kesho. Hapo ndipo useme. Usile kiapo. Eleza sauti tu, kama mtaalamu. Leseni yako bado nzima, maelezo yako bado yana uzito."

"Na wao waziba saa mbili."

"Nitakuwa mlangoni kwa mkubwa saa moja."

Alivivaa viatu vyake, akamkumbatia Swabaha, akaenda. Mwenzangu, huo ndio uliokuwa msaada wote uliobaki mjini: mstari mmoja pembeni mwa karatasi, na mwanamke mmoja kwenye tuktuk kuelekea nyumbani Mwembe Tayari.

*

Hazijapita dakika kumi, kelele za magurudumu zikaanza kichochoroni.

Lori halipiti Mji wa Kale, kila mtu ajua. Kwa hiyo saruji huja kwa mikokoteni. Swabaha alichungulia kwenye kidirisha cha ukuta wa ua akaona wa kwanza, wa pili, wa tatu, mifuko imepangwa hadi kidevuni mwa anayesukuma. Nyuma yao kokoto. Nyuma ya kokoto mashine ya kuchanganyia, inavutwa kwa kamba na vijana wanne wakiimba.

"Walisema kesho!" Mwanakuu alisema.

Swabaha alihesabu mikokoteni. Hakuweza kujizuia, kidole kilibonyeza chenyewe. Kumi na moja.

"Hodi wenyewe!"

Sauti laini. Mwanakuu alishika kifua. Kati ya ua na ukumbi wa nyumba ile kuna pazia la kijani, na nyuma ya pazia mtu alikuwa amesimama, kanzu yake yaonekana chini, nyeupe pe, na makubadhi ya ngozi.

"Masalkheri, Bi Mwanakuu. Masalkheri, Bi Swabaha. Sitaingia, nyumba ni ya wanawake. Nitasema nikiwa hapa hapa."

Swabaha alilivuta buibui lake kichwani.

"Nimeona mgeni wako ametoka. Nimesikia alihesabu mmoja." Abdulbasit alicheka kidogo, bila ubaya. "Basi sikuona haja ya kungoja asubuhi. Isha ikiswaliwa tunaanza. Lakini kumbe yule mama ameandika kitu pembeni mwa fomu. Vijana wangu walikuwa juu kwenye taa, wana macho mazuri. Akiandika ofisa, panatakiwa maelezo ya mtaalamu."

"Nitayatoa," Swabaha alisema. Sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Kesho. Nitasema niliyoyasikia."

"Hilo ndilo lililonileta."

Pazia likatikisika. Mkono ukapenya pembeni, ule ule, na pete ile ile ya akiki ambayo Swabaha aliiona wiki ya tano ya eda na kuisahau. Ulishika karatasi moja. Safari hii Mwanakuu hakuipokea. Alirudi nyuma hadi ukutani, mikono nyuma, akitikisa kichwa.

Swabaha aliiendea mwenyewe. Alikuwa na miwani machoni. Aliichukua, akaikunjua yote, akaisogeza kwenye mwanga wa taa ya ukumbini uliopenya pembeni mwa pazia, akaisoma kuanzia juu kama alivyopaswa kusoma zamani.

Haikuwa na neno.

Aliigeuza nyuma. Tupu. Akaigeuza tena mbele. Nyeupe kutoka juu hadi chini, isipokuwa kule mwishoni, palipoandikwa jina lake na namba yake ya utaalamu, na chini yake saini yenye mkia mrefu.

Ya nne.

"Hiyo ni nakala," Abdulbasit alisema nyuma ya pazia. "Ichane ukitaka. Ya asili ninayo mimi, na bado sijaiandika kitu. Nikiandika kwamba sauti za kisimani ni panya, wewe ndiwe uliyesema. Nikiandika kwamba hesabu za miaka tisa ulizitunga ukinywa kahawa na mumeo juu ya nyumba, wewe ndiwe uliyesema, na marehemu hawezi kukanusha."

"Usimtaje Taib!"

"Mimi sipendi kumtaja. Sisi ni watu wa mji mmoja, Bi Swabaha, nimesimama kwenye maziko yake. Ndiyo maana nimekuja kukuuliza kwanza, kwa adabu."

Kalamu ilibonyezwa, taki, upande wa pili.

Swabaha aligeuka kumtafuta mtu. Palikuwa na Mwanakuu ukutani, na vigae, na chungu cha mrehani kimelala ubavu. Chini ya duara la saruji walikuwa bado wanakwaruza. Kichochoroni mashine iliungurumishwa kwa kujaribiwa, ikazimwa.

"Adhana ya Isha haiko mbali," Abdulbasit alisema. "Tuandike nini?"

Na kwenye kipaza sauti cha msikiti, muadhini akakohoa.